Mawimbi ya Watoto wa Olenguruone

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kama ninaweza kutenganisha nywele za mtu aliyelala bila kumwamsha. Aliyeuliza alikuwa Matroni wa hospitali, mwanamke mrefu wa Kiingereza aliyezoea kusimama mikono nyuma. Kabla sijajibu akanipeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya wodi ya wanaume, mlimokuwa na mtoto wa karani wa reli aliyelazwa usingizi kwa dawa. Nilitoa kitana changu cha pembe, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamgawa kichwa kwa mistari kutoka paji la uso hadi kisogoni. Mtoto hakugeuka. Matroni akasema neno moja tu, "Kesho," akaondoka.

Mpaka siku ile nilikuwa msusi. Nilizaliwa Bondeni, mtaa wa Waislamu hapa Nakuru. Babu yangu alifika kutoka pwani na misafara ya ujenzi wa reli, na shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kusuka. Mmoja wa wateja wetu alikuwa mhudumu wa wodi, na Matroni aliiona mistari ya kichwa chake, iliyonyooka kama reli ya kwenda Njoro, akataka kujua ni kazi ya nani. Hospitali ilikuwa imepata mashine mpya ya kuandika mawimbi ya ubongo, na mashine hiyo ilikuwa imeshindwa na nywele zetu. Waya hazikugusa ngozi. Wakubwa walikuwa wamefikiria kunyoa kila mgonjwa, na wagonjwa walikuwa wamekataa, kwa kuwa kwa watu wengi wa huku kichwa kilichonyolewa ghafla ni kichwa cha matanga. Ndivyo nilivyoingia katika utabibu wa ubongo, kwa mlango wa vidole.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii leo mkitazama kioo cha kompyuta hamwezi kuijua mashine ile. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo. Ndani yake mlikuwa na vali za kioo zilizong'aa rangi ya machungwa, na ilibidi tuzisubiri zipate moto kama mnavyosubiri mkaa ukolee. Juu yake kalamu nane nyembamba zililalia karatasi iliyotembea polepole, na kila kalamu ilitii waya mbili zilizotoka kichwani mwa mgonjwa. Mwisho wa kila waya palikuwa na kijisahani cha fedha kinachoitwa elektrodi. Tulikibandika kwa kolodioni, gundi yenye harufu kali ya etha, kisha tukaingiza jeli ya chumvi chini yake ili umeme upite. Umeme wa ubongo ni mdogo mno. Mtu akitafuna, kalamu zinavurugika. Akikunja uso, zinavurugika. Lori likipita nje na kutikisa sakafu, unapata mchoro wa lori.

Aliyeitunza mashine tulimwita Bwana Fundi. Alikuwa Mhindi mzee, aliyetengeneza redio sokoni kabla ya kuajiriwa, na hakuwa na subira na uzuri wa kazi yangu. Nikichelewa kunyoosha mstari alikuwa akichungulia kutoka nyuma ya kabati lake na kuniuliza, "Bibi Kitana, hii iko kipimo ama iko harusi?" Lakini mstari ukiwa mbaya na kalamu zikaanza kutetemeka, alikuwa wa kwanza kuniita nirudie.

Msomaji wa mawimbi alikuwa Daktari. Nitamwita hivyo tu, kama tulivyomwita. Kiko chake hakikutoka mdomoni na hakikuwashwa kamwe chumbani, kwa sababu ya ile etha inayoshika moto upesi. Alizungumza nami Kiingereza kidogo kidogo mpaka nikakielewa, na kwa wagonjwa alitumia Kiswahili cha mashambani kilichokatwakatwa. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka ya kuelewa. Sifa hizo mbili haziendani kila siku.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha. Mtu mzima aliye macho akifumba macho yake, upande wa nyuma wa kichwa hutoa mawimbi laini ya mwendo wa wastani, sawasawa kama mapigo ya mchi. Akifumbua macho, yanatawanyika. Akilala, mawimbi yanakuwa makubwa na mazito. Nililielewa hilo upesi. Lililonisumbua ni dawa za usingizi za jamii ya babitureti, ambazo wakati ule zilitumika kwa mambo mengi. Za sindano zilimlaza mtu kabla ya upasuaji, na za vidonge zilituliza kifafa. Nilitegemea kwamba anayesinzia kwa dawa ataandika kama anayesinzia kwa uchovu. Haikuwa hivyo. Dawa ikianza kuingia, mbele ya kichwa hutokea mawimbi madogo ya haraka, yamebanana kama meno ya kitana. Mwili unalegea, kope zinashuka, na kalamu zinakimbia.

Tuliwahi kupeleka mashine chumba cha upasuaji ili Daktari ayatazame hayo kwa wagonjwa waliolazwa kwa sindano. Yale meno ya kitana yakaja, yakafunikwa na mawimbi mazito, halafu kalamu zote nane zikanyamaza. Mstari mtupu. Kisha zikaruka pamoja kama watu walioitwa jina, zikanyamaza tena. Nilisimama, nikatazama kifua cha yule mgonjwa. Daktari hakuinua macho.

"Keti, Mwanaidi," alisema. "Amekwenda mbali. Anarudi."

Na alirudi, akaomba uji. Daktari alinieleza kwamba dawa ikizidi, ubongo husema kwa mafungu na kupumzika katikati, na anayesoma lazima ajue kwanza kilichoingia mwilini kabla ya kusema lolote kuhusu mtu. Nilishika maneno hayo. Yeye mwenyewe aliyashika pia, na bado hayakumtosha siku watoto wa Olenguruone walipoletwa.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza wakipigana na Mau Mau, wakati barabara zilikuwa na vizuizi na kila mtu aliulizwa anatoka wapi. Mama mmoja Mkipsigis alishuka kutoka Olenguruone, kule juu kwenye baridi ya Mau, na mwanawe Kipngeno aliyekuwa akianguka kifafa. Tulimwita Mama Chelangat, kwa jina la binti yake mkubwa. Mumewe alikuwa kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, akionekana nyumbani mara chache. Daktari alimpima Kipngeno, akampa vidonge vya fenobabitoni, dawa ya jamii ile ile, akamwambia mama arudi naye mara kwa mara. Alirudi bila kukosa. Lakini kijana aliendelea kuanguka. Mara hii alikuwa ameungua mkono motoni, mara nyingine tukasikia ameokotwa mtoni. Karatasi yake ilikuwa na yale meno ya kitana mbele ya kichwa, ishara kwamba dawa inaingia, na Daktari hakuelewa kwa nini haifanyi kazi.

Siku moja mama alikuja na watoto wake wengine wawili, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Kibet alimfuata Kipngeno kwa umri, na Cherono alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kuuliza. Daktari akaona nafasi. Alitaka kulinganisha mawimbi ya mgonjwa na ya nduguze wazima. Aliuliza kama kuna yeyote kati yao anayeanguka, mama akasema hapana. Akauliza kama wamepewa dawa na daktari yeyote, mama akasema hapana. Walikuwa watulivu, kwa hiyo hatukuwapa hata tone la kuwalaza. Nikagawa nywele, nikabandika, Bwana Fundi akawasha.

Kibet akaandika meno ya kitana. Cherono naye akaandika meno ya kitana.

Nilidhani nimekosea waya. Nikabandika upya. Bwana Fundi akabadilisha vali. Mawimbi yakawa yale yale, madogo, ya haraka, mbele ya kichwa, kwa watoto ambao hawakuwa na dawa wala usingizi. Daktari alizitandaza karatasi tatu mezani, akatembea kuizunguka meza hiyo na kiko chake baridi. Mwishowe akasema kwamba pengine tulikuwa tumekosea tangu mwanzo kuhusu Kipngeno. Pengine mawimbi yale hayakuwa ya dawa. Pengine yalikuwa ya damu, alama ya ukoo inayorithiwa, na kifafa ni tunda lake moja tu. Aliyasema kwa furaha. Angeandika makala ipelekwe kwao Uingereza. Akaomba aletwe na binti mkubwa pia.

Sasa nieleze kilichokuwa hatarini, kwa sababu Daktari hakukiona. Chelangat alikuwa ameposwa. Alikuwa yaya katika nyumba ya afisa mmoja wa jeshi kule Lanet, akilala na kula huko huko, na alikuwa ameahidiwa kijana aliyempenda. Wazee wa pande mbili walikuwa wakiendelea na mazungumzo. Katika mazungumzo kama hayo nyumba huchunguzwa, na swali la kwanza ni ugonjwa. Mtoto mmoja anayeanguka, watu huweza kusema ni bahati mbaya. Lakini nyumba nzima kuitwa hospitali na kufungwa waya kichwani, hilo lilipanda mlima upesi kuliko gari lolote.

Mzee wa upande wa kijana alishuka mwenyewe. Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba chetu, blanketi begani, fimbo katikati ya magoti.

"Binti," alisema, "nasikia hapa mnasoma vichwa."

Nikamwambia mimi nabandika tu, anayesoma ni Daktari.

"Na nyumba ya yule mama wa Olenguruone imesomekaje?"

Nilimjibu kama nilivyofunzwa, kwamba habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hakukasirika. Alisema hawana ubaya na msichana, amelelewa vizuri na ana mikono ya kazi. Ila nyumba yenye kifafa cha damu haiingizwi bomani, kwa maana ukiingiza mmoja umewaingiza wajukuu wote.

"Mkinyamaza," alisema, "tutasoma huko kunyamaza."

Akabaki pale benchi, na sikuweza kumfukuza, kwa kuwa benchi ni la watu wote.

Siku hiyo hiyo Chelangat alifika kutoka Lanet, bado amevaa gauni jeupe la kazi. Alimpita yule mzee kwa salamu ya heshima, akaingia, akafunga mlango. Mama yake alikuwa ndani na watoto, kwa sababu Daktari alitaka kuwarudia wote. Nilimkalisha, nikaanza kumchambua nywele. Alikuwa na ulimi mwepesi, nadhani kwa hofu.

"Dada, una mkono mzuri. Si unisukie ya harusi moja kwa moja?"

"Harusi iko lini?"

"Uliza hilo kabati lenu."

Bwana Fundi akacheka huko nyuma, nami nikamwomba Chelangat asicheke ili kalamu zisivurugike. Akafumba macho. Mawimbi yake yakatoka nyuma ya kichwa, laini, sawasawa, na mbele hapakuwa na kitu. Karatasi safi. Nilimbandua haraka, nikadhani mambo yamekwisha, nikamvuta Cherono kitini ili nimtoe gundi iliyobaki kwenye nywele zake. Gundi ile huyeyushwa kwa asetoni, taratibu, unywele kwa unywele, vinginevyo mtoto analia.

Lakini kwa Daktari karatasi safi haikubadilisha neno. Alisema damu huchagua, huwagusa baadhi na kuwaruka wengine. Watatu kati ya wanne ni ushahidi mkubwa. Hata aliyerukwa anaweza kuwapa watoto wake. Aliniomba niwaeleze, nami nikawaeleza, neno kwa neno, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mama aliinamisha kichwa. Chelangat alitazama mlango, ambao nyuma yake tulimsikia mzee akikohoa.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwulize Daktari, Cherono ni damu ya nani."

"Chelangat," mama yake alisema.

"Mama, nisamehe. Ni wako. Lakini hukumzaa."

Kichwa cha Cherono kilikuwa mikononi mwangu. Nilikihisi kikikaza chini ya vidole, kama kichwa cha mtu aliyemwagiwa maji baridi. Hakugeuka. Matone ya asetoni yalikauka mkononi mwangu, nami sikuweza kuendelea.

Niliposema kwa Kiingereza kilichosemwa, Daktari alitoa kiko mdomoni. Alitazama karatasi ya Cherono, akatazama ya Kipngeno, akaketi. Hakuwa mtu wa kung'ang'ania wazo likishakufa. Mtoto asiye wa damu ile alikuwa na mawimbi yale, na mtoto wa damu ile aliyekula Lanet hakuwa nayo. Akamgeukia mama kwa Kiswahili chake.

"Mama, hii toto yote nakula nini?"

Mama alimwita Cherono kwanza. Cherono akaenda, na mama akampakata mapajani, ingawa alikuwa mkubwa wa kupakatwa, miguu yake ikigusa sakafu. Halafu alizungumza, na hakuzungumza na Daktari. Alizungumza na mtoto.

"Siku Wakikuyu majirani zetu walipofukuzwa na serikali na kupakiwa kwenye malori, wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Mama yako alikuwa ameniachia wewe ili afunge vyombo. Lori halikungoja. Nikasema, huyu hatajua. Kwa kulala hatajua, kwa kula hatajua. Tangu siku hiyo, kitu kikiingia nyumba yangu kinagawanywa sawa. Sukari sawa, fimbo sawa. Hakuna mtoto anayekula wengine wakitazama."

Daktari aliposikia tafsiri yangu aliinama mbele. "Na dawa?"

Mama alimshangaa.

"Dawa si kitu?"

Alikuwa akivisaga vidonge vya Kipngeno, akavitia kwenye kibuyu cha maziwa ya mgando, na kibuyu kilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Kipngeno alianza, kwa heshima ya ugonjwa wake. Wengine walimaliza. Aliposema hawajapewa dawa na daktari yeyote, alikuwa amesema kweli tupu. Waliokuwa wazima walikuwa wakinywa dawa wasiyoihitaji, na aliyekuwa mgonjwa alikuwa akiishi kwa fungu lake dogo la dawa yake mwenyewe, akianguka motoni na mtoni.

Bwana Fundi alizima mashine bila kuambiwa. Daktari alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejigonga, kisha akaanza kufikiri kama tabibu. Dawa hii haikatizwi ghafla, hata kwa mzima, kwani ubongo uliozoea kutulizwa ukinyang'anywa kwa siku moja unaweza kurusha mateke yake wenyewe. Ingepunguzwa polepole kwa Kibet na Cherono, na Kipngeno apate kipimo chake kamili. Mama alikataa papo hapo kumpa mmoja na kuwaacha wengine. Walibishana kwa adabu. Mwishowe Daktari alimwagiza mtu wa duka la dawa atengeneze vidonge vya aina moja kwa sura, kila mtoto na chupa yake, vya wale wawili vikipungua nguvu kila mara mpaka vibaki sukari. Mama aliuliza kama vitakuwa na ukubwa sawa. Alipoambiwa ndiyo, akakubali.

Lilibaki benchi la nje. Daktari alikuwa tayari kutoka na kumwambia mzee kwamba nyumba ni safi, lakini mama alimshika mkono wa koti. Akaniambia nimweleze kwamba siku hizi mtoto wa Kikuyu akijulikana yuko mahali, kuna watu wa kuja kumchukua. Daktari alijua hivyo kama sisi. Alirudi nyuma ya meza. Basi Chelangat akasema atakwenda mwenyewe, nami nikamfuata, kwa kuwa nilikuwa shahidi wa mashine.

Alimweleza mzee kweli aliyoweza kuieleza. Kwamba mawimbi yale yalikuwa ya dawa, si ya damu. Kwamba mama yake amekuwa akiwanywesha watoto wote dawa ya mmoja. Kwamba wakingoja kidogo, dawa itoke mwilini, watapimwa tena na wataona.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wote wanakunywa dawa ya kifafa," alisema. "Mwanangu, umenijibu."

"Mzee, wale ni wazima."

"Mama gani anampa mzima dawa? Nieleze hilo tu. Nina masikio."

Jibu lilikuwa nyuma ya mlango, limepakatwa mapajani. Neno moja lingetosha kumwokoa Chelangat, na alikuwa amekwisha kulisema mara moja siku hiyo. Nilimwona akilikusanya mdomoni. Nilimwona akilimeza.

"Sababu iko," alisema. "Si yangu kuitoa."

Mzee alisimama, akajitengeneza blanketi. Hakuwa mtu mbaya. Alimtakia njia njema ya kurudi Lanet, akashuka ngazi. Baadaye tulisikia posa yao imeelekezwa kwa nyumba nyingine, upande wa Molo. Chelangat aliolewa miaka kadhaa mbele, na fundi cherehani wa Njoro aliyeuliza mambo machache. Aliwahi kuniambia kwamba alilia wiki nzima, kisha akaona kuwa machozi mengi yalikuwa ya yale aliyoyasema ndani, na machache ya yale aliyoyanyamazia nje.

Mvua zilipokatika watoto waliletwa tena. Kipngeno alikuwa amenenepa, mkono umepona, na tangu apate dawa yake nzima alikuwa ameanguka kwa nadra. Nilipomkalisha Cherono alikuwa mkimya kuliko mara ya kwanza. Nikiwa nusu ya kazi aliniuliza kama zile kalamu zitaonyesha.

"Zionyeshe nini?"

"Kwamba mimi si wa hapo."

Nilimaliza kumpima, nikampima Kibet, nikakata vipande vya karatasi zao na kuvitandaza mezani bila kuandika jina. Nikawaita. Meno ya kitana yalikuwa yametoweka kote. Yalibaki mawimbi laini ya watoto wenye afya, ukurasa baada ya ukurasa. Cherono alizitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya moja.

"Hii yangu."

"Mwizi wewe, hiyo ni yangu," Kibet akasema, na kweli ilikuwa yake.

Wakaanza kugombana hapo, kila mmoja akivuta, na mama yao akawakemea wote wawili kwa kipimo kile kile. Nakumbuka alikunja zile karatasi pamoja na kuzibeba, ingawa zilikuwa mali ya hospitali. Daktari aligeukia dirishani kuutazama mlima Menengai mpaka alipomaliza.

Makala aliyoiandika haikuwa ile aliyoitaka. Aliniambia ilikuwa fupi na ilihusu maswali ambayo daktari anapaswa kuuliza kabla ya kuamini mashine. Sijui kama ilisomwa. Alirudi kwao kabla ya Uhuru. Mimi nilihamishiwa Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, chini ya Mganga Mkuu aliyependa utaratibu kuliko watu, kisha Eldoret, chini ya Sista wa Kikatoliki aliyependa vyote viwili. Nilirudi Nakuru wakati mashine zilikuwa zimeacha vali, na mkuu wa idara alikuwa kijana wa kwetu, daktari Mwafrika. Cherono alikuja kunitazama siku moja akiwa mama mwenyewe. Alikuwa amemtafuta na kumpata shangazi yake wa kuzaliwa upande wa Nyandarua, akakaa naye mwezi mmoja, akarudi Olenguruone kwa sababu, alivyosema, ng'ombe walikuwa wamemzidi mama peke yake.

Kila nilipopelekwa nilibeba swali moja. Watu wa kazi hii huuliza mgonjwa ametumia dawa gani, amelala saa ngapi, amekunywa chai au kahawa. Mimi niliongeza, anakula na nani. Mganga Mkuu alidhani ni umbeya. Yule Sista aliliweka katika utaratibu wake, baada ya kunisikiliza mara moja tu. Swali hilo lilinifunulia mengi: bibi aliyegawana vidonge vyake vya usingizi na mumewe, mfungwa aliyeuza vyake kwa tumbaku, wanafunzi wa bweni walioficha vya mwenzao ndani ya uji wa wote ili asiaibike. Mawimbi ya ajabu yalikuwa na mlango, na mara nyingi mlango huo ulikuwa jikoni.

Sasa nimestaafu. Vidole vimekakamaa, na mashine mpya hazihitaji mtu wa Bondeni wa kuwachambulia wagonjwa nywele, zina kofia ya mpira. Sizionei wivu. Ninachojiuliza wakati mwingine ni kama sisi tulioandika mawimbi ya watu tuliwahi kuandika chochote cha ndani yao. Karatasi ilijua kilichokuwa ndani ya kibuyu cha Mama Chelangat. Haikujua kwa nini kilizunguka.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliketi pembeni, nikimwacha msichana aliyechukua nafasi yangu afanye yote. Alimpokea mzee mmoja aliyetoka wodini, mpole, aliyevua kofia kabla ya kuambiwa. Akamuuliza kuhusu dawa, akajibiwa. Akamuuliza kuhusu usingizi, akajibiwa. Akamuuliza anakula na nani.

"Peke yangu," mzee alisema.

Msichana alikuwa tayari ameshika waya. Akaziweka chini, akavuta kiti.